Mtumishi, Msanii na Posho Lake: Lugha ya Kikristo na Kazi ya Kutumbuiza katika Njia ya Tabora

Katika uchunguzi wa Kiswahili cha dini, maneno yaliyoshughulikiwa zaidi ni yale ya itikadi: Mungu, roho, neema, wokovu, sala, pamoja na mabishano ya watafsiri juu ya kila moja. Maneno ya kazi na malipo hayakupata bahati hiyo. Hata hivyo maisha ya Mkristo anayeishi kwa kuimba hupimwa zaidi kwa maneno haya ya pili. Mwimbaji asimamaye kanisani Jumapili na jukwaani Jumamosi hana ugomvi na neno "neema". Taabu yake ni jinsi aitwavyo mwenyewe, na jinsi kiitwavyo kile kinachotiwa mkononi mwake baada ya wimbo. Akiitwa mtumishi hutazamiwa aimbe bure. Akiitwa msanii hushukiwa kuwa haamini anachokiimba. Kusudi la makala haya ni kuyachungua maneno hayo na kuonyesha kwamba mgawanyiko huo hautokani na Maandiko ya Kiswahili, wala hautokani na desturi ya kale ya bara. Ulizaliwa baadaye, na sehemu kubwa ya kuzaliwa kwake ni jambo la lugha.

Mahali palipochaguliwa ni Tabora na njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo, ikapita Ugogo, ikafika Unyanyembe, kisha ikaendelea hadi Ujiji, na kwa upande wa kaskazini hadi Karagwe na Buganda. Sababu za uchaguzi huo ni mbili. Kwanza, njia hiyo ndiyo iliyokipeleka Kiswahili bara kikiwa lugha ya kazi, kabla hakijawa lugha ya vitabu. Pili, Wanyamwezi na jirani zao Wasukuma ni watu ambao kwao uimbaji na malipo vilikuwa vimekwisha kufungamana wakati wamisionari wa kwanza walipopiga hema zao.

I. Kirangozi na wimbo wa kazi

Richard Burton na John Speke walifika Kazeh, yaani Tabora ya leo, mwezi wa Novemba 1857. Katika kitabu alichokitoa mwaka 1860, Burton aliueleza msafara kwa urefu, na miongoni mwa watu wake alimweleza kirangozi, yule atanguliaye mbele ya wapagazi wote. Mtu huyo alivaa joho jekundu, manyoya kichwani na ngozi ya mbega, akafuatwa na mpiga ngoma. Mavazi ya namna hiyo hayamfai mtu aliyejitwisha mzigo tu. Ni mavazi ya mtu atazamwaye. Stephen Rockel, katika uchunguzi wake wa wapagazi uliotoka mwaka 2006, ameonyesha kwamba upagazi wa Kinyamwezi ulikuwa kazi ya ujira, yenye heshima, kanuni na fahari yake, na kwamba nyimbo zilikuwa sehemu ya kanuni hizo. Kirangozi alipoanzisha wimbo, wenzake waliuitikia, na mwendo wa safari ukafuata mwendo wa wimbo.

Hapa pana jambo lipasalo kuangaliwa. Wimbo haukuimbwa baada ya kazi kwisha ili kuondoa uchovu. Bila wimbo kazi yenyewe haikwendeka vizuri. Hali ilikuwa hivyohivyo mashambani. Katika Usukuma na Unyamwezi vyama vya walimaji vilikodiwa kulima shamba la mtu kwa ngoma na nyimbo, na mwenye shamba akavipa malipo. Mtungaji na mwongozaji wa nyimbo huitwa "ningi", na jina lake huenea mbali kuliko kijiji chake. Frank Gunderson, katika mkusanyo wake mkubwa wa nyimbo za kazi za Wasukuma uliotolewa mwaka 2010, amezifuata nyimbo hizo kutoka kwa wawindaji, wapagazi na walimaji hadi nyakati za karibu. Fundisho la mkusanyo huo kwa mchunguzi wa lugha ni hili: hapakuwa na mpaka kati ya mwimbaji na mfanyakazi. Ningi alikuwa na jembe mkononi.

Kwa hiyo swali kama inafaa mtu alipwe kwa kuimba halikuwa swali katika nchi hiyo. Mpagazi alipatana na mwenye msafara juu ya ujira wa safari nzima. Tena kila siku alipewa posho ya chakula, mara nyingi kibaba cha nafaka, au nguo na ushanga wa kununulia chakula vijijini. Kirangozi, kwa uongozi wake, alipewa zaidi ya wenzake. Maneno "posho" na "ujira" yalikuwa maneno ya njiani kabla hayajaingia katika Biblia, nayo yatarejewa mbele.

II. Neno "ngoma" mikononi mwa misioni

Mapadre Weupe walifika Tabora mwaka 1878. Wamisionari wa chama cha London walikaa Urambo mwaka 1879 kwa idhini ya Mirambo, na mwaka 1898 kazi yao ikapokewa na Wamoravia. Katika miaka ya 1930 walifuata Wapentekoste wa Sweden. Madhehebu haya yalitofautiana kwa mengi, lakini kwa sehemu kubwa yalipatana katika jambo moja: Mkristo aache ngoma.

Sababu zao hazikuwa za upuuzi, na ni kosa kuzieleza kana kwamba zilitoka katika dharau peke yake. Mashindano ya ngoma ya Wasukuma, ambayo hadi leo huwagawa wachezaji katika pande mbili za Bagika na Bagalu, yaliambatana na dawa za kuvuta watazamaji na za kumshinda mpinzani. Ngoma za usiku ziliambatana na pombe. Chama cha Baswezi kilikuwa na ngoma zake, nazo zilihusu pepo na maponyo. Mwalimu wa dini aliyemwona muumini wake akirudi alfajiri kutoka katika mikutano hiyo alikuwa na la kuuliza.

Kosa lilikuwa katika neno. "Ngoma" katika Kiswahili ni chombo kipigwacho. Ni mchezo wenyewe, na mkutano wa wachezaji. Ni tiba ya pepo vilevile, maana ambayo John Janzen aliifuata mwaka 1992 katika nchi nyingi za Kibantu. Tena ni alama ya enzi, kwa kuwa watemi wa Unyamwezi walikuwa na ngoma zao za utawala. Kinyamwezi na Kisukuma hugawanya mambo haya kwa namna yao. "Ng'oma" ni chombo, "mbina" ni mchezo, na mambo ya pepo yana majina ya vyama vyake. Agizo la Kiswahili la kuacha ngoma lilipofika kijijini, lilikumba kwa pigo moja vitu ambavyo wenyeji walikuwa wakivitenganisha. Mwimbaji wa shambani, mpiga ngoma wa mtemi na mganga wa pepo wakajikuta chini ya katazo moja, kwa sababu ya kuitwa kwa jina moja.

Tafsiri ya Biblia ya Union Version, iliyokamilika mwaka 1952, haikusaidia kuondoa utata huo, ijapokuwa haina kosa la tafsiri. Katika Zaburi ya 150 watafsiri walitaja matari, zeze na filimbi, tena walitaja kucheza. Neno "ngoma" halimo. Kwa upande wa Kiebrania walikuwa na haki, maana chombo kinachotajwa pale ni cha namna ya tari hasa. Lakini tari ni chombo kilichozoewa pwani, katika maulidi na dhikri, na mkulima wa Urambo hakukijua sana. Zeze alilijua, na kucheza alikujua, bali chombo chake kikubwa hakukiona katika orodha ya vyombo vitakatifu. Msomaji aliyekwisha kuambiwa kwamba ngoma ni haramu aliweza kuichukua zaburi hiyo kama ushahidi wa katazo, na hali imejaa amri ya kupiga na kucheza.

Walikuwako walioliona jambo hili mapema. Padre David Clement, Mkanada wa shirika la Mapadre Weupe, alijenga huko Bujora karibu na Mwanza, katika miaka ya 1950, kanisa lililofuata umbo la nyumba ya Kisukuma, na mashindano ya Bagika na Bagalu akayaunganisha na sikukuu ya Ekaristi, katika sherehe ijulikanayo kwa jina la Bulabo, yaani maua. Hakuuliza kama ngoma ni njema au mbaya. Alitenganisha yaliyomo ndani ya neno hilo, akachukua mbina na kuiacha dawa. Padre Stephen Mbunga naye alitoa mwaka 1963 kitabu chake juu ya sheria ya Kanisa na muziki wa Kibantu, mwaka uleule Mtaguso wa Vatikano ulipopitisha hati yake juu ya Liturujia, hati iliyoamuru muziki wa mataifa ya misioni upewe heshima yake. Kazi hizo mbili ni nguzo. Lakini swali lao, kama jina la kitabu cha Mbunga lionyeshavyo, ni muziki gani uingie ibadani. Swali la mtu atokaye ibadani akaenda kuimba kwingine, naye ni yuleyule kwa imani ileile, lilibaki nje ya mlango.

Tena ibada yenyewe ilikuwa imekwisha kutoka nje. Huko Kamina, katika Katanga, nchi ambayo Msiri na wafuasi wake kutoka Unyamwezi waliifungua kwa biashara katika karne ya 19, padre Mfransisko Guido Haazen na kwaya yake walitunga Missa Luba. Mwaka 1958 kwaya hiyo iliimba Ulaya, na mwaka 1968 sehemu ya misa hiyo ilisikika katika filamu ya Kiingereza iitwayo If.... Wimbo wa altare ukawa burudani ya sinema pasipo kubadilishwa neno lolote. Hapo ndipo ionekanapo kwamba mpaka kati ya ibada na tumbuizo haukai ndani ya wimbo. Hukaa mahali wimbo uimbwapo, na katika jina wapewalo waimbaji.

III. Kuburudisha katika Maandiko ya Kiswahili

Neno litumiwalo leo kwa kazi yote ya muziki, michezo na filamu ni "burudani". Wahubiri wengi hulitaja kwa kulipinga na "huduma": huyu anahudumu, yule anaburudisha. Upinzani huo hauna msingi katika Kiswahili cha Biblia.

Asili ya neno ni Kiarabu, nayo yahusu ubaridi. Maji huburudi; mtu aliyechomwa na jua huburudika kivulini. Katika njia ya Ugogo, penye mbuga kavu na visima vichache, maana hiyo haikuhitaji kuelezwa. Watafsiri wa Union Version walilichukua shina hilo na kulitia mahali pazito. Katika Matendo 3:19 ndilo lisemalo juu ya nyakati zitakazotoka kwa Bwana. Katika waraka kwa Filemoni, mstari wa 20, ndilo analolitumia Paulo kuomba moyo wake utulizwe. Na katika 1 Samweli 16:23 ndilo lielezalo lililompata Sauli Daudi alipopiga kinubi.

Mfano wa mwisho unastahili kukaziwa macho. Daudi aliitwa katika nyumba ya mfalme kwa sababu alijua kupiga kinubi. Hakwenda kuhubiri, wala hakwenda kuongoza ibada. Alikwenda kufanya kazi ya mpigaji wa baraza la mfalme, na matokeo ya kazi hiyo Kiswahili huyaita kwa kitenzi kilekile kinachozaa "burudani". Mwenye kusema kwamba kuburudisha ni kinyume cha kuhudumu ana kazi ya kuueleza mstari huo.

Neno "kutumbuiza" latoa ushahidi wa namna hiyohiyo. Katika kamusi ya Frederick Johnson ya mwaka 1939 maana yake yahusu kutuliza na kulaza kwa wimbo. Ni neno la mama na mtoto kabla ya kuwa neno la jukwaa. Kwa hiyo maneno mawili makubwa ya kazi hii, moja la asili ya Kiarabu na moja la Kibantu, yote mawili yaanzia katika rehema: kumpoza aliyechomwa na kumtuliza aliaye. Ubaya uliyaingia baadaye, nayo hayakuzaliwa nao.

IV. Mtumishi na msanii

Katika mji wa Tabora, kati ya miaka ya 1950 na 1970, muziki wa dansi ulipata nguvu isiyo ya kawaida kwa mji wa bara. Kiko Kids, Tabora Jazz na Nyanyembe Jazz zilikuwa bendi za mji huo, na Western Jazz, iliyopata sifa Dar es Salaam, ilichukua jina la Jimbo la Magharibi. Kwa Mkristo wa misioni, dansi ilipokea lawama iliyokuwa ya ngoma. Mtu aliyejifunza sauti nne katika kwaya, akataka kuzitumia ukumbini, alilazimika kuchagua.

Uchaguzi huo haukukoma kwaya zilipoanza kurekodi kanda, wala nyimbo za injili zilipokuwa biashara kubwa. Gregory Barz, aliyechunguza kwaya za Dar es Salaam na kutoa kitabu mwaka 2003, ameonyesha kwamba kwaya ni jamii kamili, yenye viongozi, michango na misaada ya misiba. Imani Sanga, katika uchunguzi wake wa mwaka 2008 juu ya muziki wa injili, ameuonyesha muziki huo ukivuka ukuta wa kanisa na kuingia katika uwanja wa taifa. Mwimbaji mmojammoja ndiye aliyebaki katikati. Rose Muhando, ambaye albamu yake Mteule Uwe Macho ilitoka mwaka 2004, na Christina Shusho, ambaye asili yake ni Kigoma, mwisho wa ile njia ya zamani, ni majina yajulikanayo Afrika ya Mashariki yote. Waimbaji wa cheo hicho huitwa "mtumishi" na mchungaji, "msanii" na mtangazaji, siku ileile na kwa wimbo uleule.

Majina haya mawili si sawa kwa uzito. "Mtumishi" ni jina lenye heshima. Katika nyaraka za Paulo, Union Version hulitofautisha na "mtumwa", na tofauti hiyo ilikuwa na maana kali mahali kama Tabora, palipopita watumwa wa kweli kwa minyororo. Lakini katika usemi wa makanisa ya leo, "utumishi" umepata kivuli kisichokuwamo katika neno: kwamba mtumishi hadai. Kivuli hicho chaweza kuondolewa kwa mfano mmoja. Serikali ina watumishi wa umma, nao hulipwa mshahara kila mwezi. Hakuna adhaniye kwamba mshahara wa mwalimu au mwuguzi umeharibu utumishi wake. Kiswahili, basi, hakina shida yoyote ya kuunganisha utumishi na malipo; shida ni ya wasemaji fulani mahali fulani.

"Msanii" lina taabu ya namna nyingine. "Sanaa" ni ufundi, na msanii ni fundi wa uzuri. Lakini katika mazungumzo ya mitaani neno "usanii" limepata maana ya ujanja na maigizo ya kumghilibu mtu. Kumwambia mwanasiasa kwamba anafanya usanii si kumsifu. Maana hiyo mpya humfuata mwimbaji wa dini kama mbwa afuatavyo harufu. Akilia machozi akiimba, aitwaye mtumishi ameguswa. Aitwaye msanii ameigiza. Machozi ni yaleyale. Hapo jina halielezi tena kazi ya mtu. Limekuwa hukumu juu ya moyo wake, na mwenye kulitamka hana njia ya kuuona moyo huo.

Washairi wameepukana na mtego huu. Mathias Mnyampala, mwenyeji wa Ugogo na Mkristo Mkatoliki, aliitunga Enjili kwa utenzi uliotolewa mwaka 1963, akazitunga Zaburi vilevile mwaka 1965. Mtu huyohuyo ndiye aliyeikuza ngonjera, ushairi wa majibizano usemwao mbele ya watu, ambao lengo lake lilikuwa kufundisha na kufurahisha pamoja. Julius Nyerere, aliyefundisha katika shule ya Mtakatifu Maria mjini Tabora katika miaka ya 1940, alitafsiri tamthilia za Shakespeare, na mwishoni mwa maisha yake zikatolewa tenzi zake za Biblia. Mnyampala hakuitwa mtumishi alipotunga Zaburi na msanii alipotunga ngonjera. Aliitwa mshairi kotekote. Jina la ufundi lilitosha, na imani yake ikasomwa katika beti zake. Yamkini sababu ni kwamba utenzi wa pwani ulikuwa umekwisha kubeba dini na burudani kwa karne nyingi kabla Wakristo hawajaupokea. Ulifika bara ukiwa umetahiniwa. Uimbaji wa bara haukupewa nafasi hiyo, kwa kuwa ulikutwa chini ya neno "ngoma".

V. Majina ya malipo

Penye majina mawili ya mtu pana majina mengi ya fedha. Msanii hupewa malipo, na mapatano yake huandikwa. Mtumishi "hubarikiwa", na kitenzi "kubariki" katika matumizi hayo kina maana ya kutia fedha mkononi, kiasi anachopenda mtoaji. Au hupewa nauli, au sadaka, au posho. Katika desturi za pwani na za bara liko pia neno "kutuza", ambalo ni zawadi ya mtazamaji aliyependezwa. Tuzo si ujira, kwa maana haidaiwi. Wala si sadaka, kwa maana hutolewa kwa sababu ya ubora wa uimbaji wenyewe. Ni jina la ukweli. "Kubariki", kinyume chake, huficha: humnyima mwimbaji nafasi ya kusema kwamba kilichotolewa ni kidogo, kwa sababu hakuna apimaye baraka kwa mizani.

Juu ya jambo hili Maandiko ya Kiswahili yana ushahidi ambao haujaangaliwa vya kutosha. Maneno ya Yesu kwa wanafunzi aliowatuma yaja mara mbili. Katika Mathayo 10:10 kinachostahiliwa na mtenda kazi kimetafsiriwa "posho". Katika Luka 10:7 kimetafsiriwa "ujira". Tofauti hii haikutokea kwa bahati. Kiyunani cha Mathayo chataja chakula, na cha Luka chataja malipo ya kazi. Watafsiri walipotafuta maneno mawili ya kuitunza tofauti hiyo, waliyakuta yako tayari katika lugha ya misafara: kibaba cha kila siku, na mapatano ya safari nzima. Ni vigumu kupata mahali pengine katika Biblia hiyo ambapo Kiswahili cha njiani kimeufuata Kiyunani kwa ukaribu namna hii.

Lakini "posho" halikukaa mahali lilipowekwa. Katika Union Version ni "posho lake", kwa upatanisho wa umoja wa ji- na ma-. Leo husemwa "posho yake". Pamoja na upatanisho, maana nayo imehama. Posho ya leo ni fedha apewayo mtu juu ya mshahara wake, kama ya kikao au ya safari. Kwa mpagazi posho lilikuwa jambo la lazima kuliko yote, maana bila hilo asingeifikia kesho. Kwa mtu wa ofisini ni nyongeza. Msomaji wa leo aifikapo Mathayo 10:10 huweza kuelewa kwamba mtenda kazi astahili nyongeza, na hali yasemwa kwamba astahili kula. Mwenye kumpa mwimbaji posho akidhani ametimiza andiko, ametimiza neno ambalo maana yake imekwisha kubadilika.

Mara nyingi hupingwa kwamba sura hiyohiyo ya Mathayo, katika mstari wa 8, huagiza karama iliyopokewa bure itolewe bure. Hoja hii ni ya haki na haipaswi kurukwa. Lakini mistari hiyo miwili imekaribiana sana, na msemaji wake hakuiona kuwa yapingana. Kinachokatazwa ni kuiuza karama kama bidhaa. Kinachoamriwa ni kumlisha aliyeibeba. Kirangozi angeielewa tofauti hiyo pasipo mfasiri. Njia haikuwa yake na hakuiuza, wala wimbo hakuuza. Aliuza miguu yake, sauti yake na siku zake, naye alipaswa kula akiwa njiani.

Sheria ya nchi imechukua upande wake. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 hulinda kazi ya mtunzi na ya mwimbaji bila kuuliza kama wimbo ni wa dini au wa dansi. Mbele ya sheria hiyo mtunzi wa wimbo wa injili ni mwenye mali. Mbele ya usharika wake aweza kuonekana mchoyo akiitaka mali hiyo. Mashindano ya lugha mbili hizi hayataamuliwa mahakamani, kwa sababu mwimbaji asiyetaka kuitwa mchoyo hatakwenda mahakamani.

VI. Hukumu

Yaliyochunguzwa yatosha kuthibitisha mambo matatu. Kwanza, katika nchi ya Tabora uimbaji ulikuwa kazi ya malipo kabla ya Ukristo kufika, nao haukuwa umetengwa na kazi nyingine. Pili, utengano uliofuata ulisaidiwa na upana wa neno "ngoma", lililokusanya mambo mengi chini ya katazo moja. Na katazo hilo likahamia kwenye dansi, kisha kwenye jukwaa, likibadilisha jina kila lilipohama. Tatu, Biblia ya Kiswahili yenyewe hailazimishi utengano huo. Yasema "kuburudisha" mahali pa heshima, na yasema "posho" na "ujira" bila aibu.

Haifuati kwamba wasiwasi wa makanisa hauna sababu. Jukwaa lina bwana wake, naye ni mtazamaji. Na mtu aimbaye ili apendeze aweza siku moja kuimba lolote lipendezalo. Ile dawa ya kuvuta watazamaji waliyoiogopa wamisionari ina mfano wake katika kila zama, hata pasipo mizizi. Lakini hatari hiyo haiondolewi kwa kumnyima mwimbaji jina la kazi yake. Humzidi, maana asiyepatana juu ya ujira wake mbele ya watu hutegemea kupendwa kila siku, na ategemeaye kupendwa ndiye apasaye kumpendeza kila mtu.

Kiswahili kina jina lililo salama, nalo ni "mwimbaji". Halimtukuzi mtu wala halimshuku. Lasema afanyalo, laacha moyo wake kwa ajuaye mioyo. Kwa kinachotiwa mkononi mwake yako majina ya kweli vilevile: ujira kwa kilichopatanwa, tuzo kwa kilichopendeza, sadaka kwa kilichotolewa kwa Mungu, kila moja mahali pake. Watungaji wa kamusi na wahariri wa vitabu vya dini wangefanya kazi njema kuyatenganisha maneno haya waziwazi, na kuueleza mstari wa posho kwa maana yake ya zamani, ili mwenye kuusoma mbele ya kwaya ajue kwamba anasoma habari za chakula cha mtu.